Jiko la Bi Mdogo katika Nyumba ya Nguzo Nane

Wenzangu wa chuoni, tangu nirudi hamnipi nafasi hata ya kumaliza kikombe cha chai. Huyu anauliza nyumba ilikuwaje, yule anataka kujua kama ni kweli nilitupa nje saruji ya watu. Ni kweli. Lakini nikiyasimulia mambo haya kwa vipande pale kwenye chumba cha walimu mtanielewa vibaya, kwa hiyo nimekaa nikayaandika yote, tangu stendi ya Mwanza hadi niliporudi mlangoni kwa baba yangu. Habari za tiketi na mihuri ya mipakani nimeziruka, maana sijaona mtu aliyewahi kuchangamshwa nazo.

Kwanza nyumba yenyewe. Babu yangu mzaa baba alikuwa mkulima wa pamba huko Petta, wilaya ya Tororo, Uganda, na msimu wa kiangazi alichoma matofali. Siku moja alipeleka matofali yake kwenye jengo la serikali lililokuwa likiinuliwa mjini, lenye nguzo za mviringo mbele na pembetatu kubwa juu ya nguzo. Ni ule mtindo ambao Wazungu waliufufua kutoka kwa Wagiriki na Warumi wa kale, ambao mimi huufundisha kila mwaka huku wanafunzi wakisinzia. Babu hakusinzia. Alirudi nyumbani akatangaza kwamba naye atajenga kama ile.

Watu walimcheka, lakini mzee alikuwa na sababu yake. Alikuwa na wake wawili waliogombana hata kwa kuni, na katika jengo lile aliona dawa. Ukilikata katikati, upande huu ni sawasawa na upande ule, dirisha kwa dirisha, mlango kwa mlango. Basi akamjengea bi mkubwa nusu moja na bi mdogo nusu nyingine, ukumbi mmoja katikati, na nje kila mke jiko lake, moja mwisho huu wa nyumba na moja mwisho ule. Stoo ya bi mdogo haikuhitaji dirisha, lakini kwa kuwa chumba cha bi mkubwa kilikuwa nalo, babu alimwekea bi mdogo dirisha la uongo, fremu na vioo juu ya ukuta mtupu, ili asije akapata la kusema. Bi mdogo ndiye bibi yangu. Inasemekana alipata la kusema hata hivyo.

Babu aliacha neno moja alipokufa, na ukoo mzima unalijua: nusu ya nyumba ni ya wenyewe maadamu jiko lao linawashwa. Jiko likipoa, nusu hiyo inarudi kwa ukoo, na ukoo utafanya upendavyo. Sasa, upande wetu waliobaki ni baba yangu, aliyekuja Mwanza kijana kufanya kazi kwenye kiwanda cha pamba na akazeekea hapa, na dada yake aliyeolewa Masafu. Jiko letu halijaona moto miaka na miaka. Mwezi uliopita ikaja simu kwamba ukoo utakutana Jumamosi kwenye matanga ya mwisho ya baba mkubwa, mtoto wa bi mkubwa, na kwamba mwanawe Ochwo ataomba nyumba yote ivunjwe ajenge ya kisasa. Kama upande wa bi mdogo hautatoa chakula kutoka jikoni kwake siku hiyo, hakuna wa kumzuia.

Baba hakulia wala hakugomba. Miguu imemlegea, safari ndefu haiwezi, na kwa miaka mingi amekuwa akisema atarudi kwao "mambo yakitulia". Aliniambia tu, "Athieno, nyumba ile ikianguka, mimi nikienda kwetu nitakuwa mgeni. Nenda ukapike." Mimi ndiye mtoto wake pekee. Nikaomba ruhusa kazini, na mkuu wetu, Mungu ambariki, hakuniuliza maswali mengi.

Mwanza hadi Sirari

Nilibeba gunia la dagaa kwa ajili ya matanga. Kondakta alilinusa kabla hajaliona, akalitia nyuma kabisa, na abiria wa viti vya nyuma wakanitazama kwa jicho la pembe hadi Magu.

Kabla ya kufika Bunda, tairi likapasuka. Tairi la akiba nalo likatolewa likiwa halina upepo. Tukashuka, tukakaa kwenye majani, pundamilia wakila ng'ambo ya barabara bila haraka kama ndio wenye nchi. Mimi nilikuwa na haraka yao na yangu. Ilikuwa Alhamisi, Jumamosi haikuwa mbali, na kila dakika iliyopita nilimwona Ochwo na nyundo yake.

Mzee mmoja aliyekuwa akimenya muwa akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamjibu Uganda, kupika.

"Ah! Hoteli gani?"

"Si hoteli, mzee. Napika mara moja tu halafu narudi."

Alinitazama, akaikata pingili ya muwa na kunipa. "Basi lazima wanalipa vizuri sana," akasema. Nilitafuna muwa wake, na ulikuwa mtamu kuliko kitu chochote nilichokula siku ile. Tairi likaja kwa pikipiki kutoka Lamadi, na tulifika Sirari jua likiwa limeelemea magharibi.

Sirari hadi Kisumu

Upande wa Kenya gari dogo lilikuwa likisubiri mtu mmoja ili lijae, na mtu huyo nikawa mimi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza siku hiyo nilipokewa kwa shangwe. Sikumbuki mengi ya njia hii ila giza, mabonde ya Migori, na dereva aliyekuwa akihubiri. Kisumu nililala kwenye nyumba ya wageni ambapo mwenye nyumba alikataa gunia lisiingie chumbani. Lililala nje, chini ya dirisha langu, na paka wote wa mtaa walilifanyia mkesha.

Kisumu hadi Busia

Asubuhi ya Ijumaa nilikaa na mama mmoja mfanyabiashara anayevuka mpaka kila siku. Alijitambulisha kama Mama Akinyi. Alilishika gunia, akatoa dagaa mmoja, akamtafuna.

"Sister, hii ni omena poa sana. Umenunua wapi?"

"Mwanza. Sisi tunaiita dagaa."

"Huku ni omena. Ukivuka hapo wataiita mukene, usishangae. Samaki ni yule yule, anabadilisha ID tu." Akacheka kwa sauti hadi dereva akageuka. "Sasa unaenda kuuza?"

Nikamweleza habari ya nyumba. Wakati huo tulikuwa tumesimama nyuma ya foleni ya malori ambayo mwisho wake hatukuuona, kwa hiyo alisikiliza yote, hadi dirisha la uongo. Hilo dirisha lilimfurahisha kupita kiasi.

"Huyo babu yako alijua wanawake," akasema. "Lakini huyo brathe wako Ochwo, usimwone mbaya tu. Umewahi kuishi kwa nyumba ya mtu aliyekufa? Kila kitu kikiharibika ni wewe. Wengine wanapiga picha tu za hizo pillar."

Sikulipenda neno hilo. Nilinunua ndizi mbivu dirishani, nikampa mbili kati ya nne. Foleni ilipogoma kabisa alinishika mkono, tukashuka, tukatembea hadi mpakani, gunia likiwa juu ya baiskeli ya mtu. Pale geti la Uganda kijana wa ushuru alichungulia ndani ya gunia, akasema, "Ah, mukene!" Mama Akinyi akanikanyaga mguu ili nisicheke.

Busia hadi Masafu

Upande wa pili nilikula rolex mbili nikiwa nimesimama, chapati iliyoviringishwa na mayai na nyanya, ikitoka moja kwa moja kwenye bati la moto. Nilizila kwa njaa ya watu wawili. Kisha nikakodi boda hadi Masafu kumchukua shangazi, ambaye huko kwetu tunamwita Waya.

Waya Nyafwono ni mwembamba, mrefu, na huongea kana kwamba mtu amemchelewesha. Tulikuwa hatujaonana tangu nikiwa msichana. Alinikumbatia, akanishika mashavu, akaniangalia meno.

"Wewe nachelewa. Mimi nangoja tangu asubuhi. Baba yako iko namna gani?"

"Miguu tu, Waya. Anakusalimu."

"Miguu! Yeye alikimbia hapa na hiyo miguu, sasa nalalamika." Lakini alifuta macho kwa kitenge.

Usiku tulikula samaki wa kukaushwa katika mchuzi wa karanga, na ugali wa mtama na muhogo, na Waya akanieleza ratiba. Kesho watu wote wa nyumbani watakwenda kwanza kanisani kwa ibada ya marehemu. Sisi tuingie jikoni wakati huo, ili wakirudi wakute moshi. Yeye kama binti aliyeolewa alipaswa kuja na jogoo kutoka kwenye boma la mumewe, mzima, anayetembea kwa miguu yake. Bila jogoo huyo haingii uani. Jogoo alikuwa tayari, amefungwa mguu kwenye nguzo ya jiko, na mimi nikalala kwa amani.

Alfajiri kamba ilikuwepo na jogoo hayupo.

Tulimwona juu ya paa la jirani. Shemeji zake Waya watatu walipanda, jogoo akaruka kwenye mihogo. Waya alisimama uani, gauni lake la matanga likiwa limepigwa pasi vizuri, akawatukana wote kwa Kisamia bila kuchagua. Muda ulikuwa unakwenda. Mwishowe alinigeukia.

"Tangulia. Wewe hakuna kuolewa hapa, wewe iko mtoto wa nyumba, hakuna mutu atauliza wewe jogoo. Nenda washa moto. Ukifika, simama tazama zile nguzo. Jiko yetu iko mkono yako ya kushoto. Umesikia?"

Nilisikia vizuri sana.

Masafu hadi Petta kwa njia ya Tororo

Mwendesha boda wangu aliitwa Opio, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, ambaye aliapa kunifikisha hadi Petta hata kama ni mwisho wa dunia. Gunia lilikaa mbele yake juu ya tangi. Tulipita Busia tena, tukashika barabara ya Tororo, na mlima wa jiwe ukatokea, ukakaa mbele yetu muda mrefu bila kukaribia. Baada ya Tororo lami ikatuacha. Njia ikawa nyekundu, pande zote mihogo na mtama, na watoto waliotupungia mikono kama vile tulikuwa harusi.

Halafu nikaiona. Sijui niwaambieje. Kwa miaka yote nimeichora kichwani kutokana na maneno ya baba, na nilikuwa nimejitayarisha kuona kitu kidogo kuliko maneno hayo. Ilikuwa kubwa kuliko maneno. Nguzo nne za mviringo zilisimama juu ya ngazi tano, chokaa imebanduka huku na huku na tofali za ndani zikionekana. Babu aliwachongea wafyatuaji kalibu maalumu, kila tofali lina umbo la kipande cha chapati, vinne vinafanya duara. Na nguzo zenyewe zimevimba kidogo katikati na kupungua juu, jambo ambalo mimi natumia kipindi kizima kulieleza ubaoni, na mkulima wa pamba alilipata kwa jicho tu. Nilimwambia Opio azime pikipiki. Nikalia, sikuona haya.

"Mama, hii ni kanisa?" Opio akauliza.

"Ni kwetu," nikamwambia. Nilikuwa sijawahi kulisema neno hilo mahali popote kwa uhakika kama ule.

Jikoni

Uani palikuwa kimya. Turubai la matanga limefungwa, viti vimepangwa, na mama mmoja wa jirani alikuwa akichambua mboga peke yake. Wengine wote kanisani, kama Waya alivyosema. Nikasimama, nikazitazama nguzo, nikageuka kushoto.

Lilikuwepo jiko, kijumba cha tofali chenye pembetatu yake ndogo mbele, maana babu hakuweza kujizuia. Nikasukuma mlango. Ndani kulikuwa na mifuko ya saruji hadi darini, mabati, na makopo ya rangi.

Damu ilinipanda. Nikaona mchezo wote: Ochwo amelifanya jiko la bibi yangu stoo, tena ameshanunua vifaa vya nyumba yake mpya kabla ukoo haujaamua. Nilifunga khanga kiunoni. "Opio, nisaidie," nikasema, na yule mtu mwema, ambaye alikuwa amelipwa kuendesha pikipiki tu, akavua koti. Tulitoa mfuko baada ya mfuko, tukaupanga katikati ya uwanja mbele ya turubai, mahali ambapo hakuna mtu angeshindwa kuuona. Yule mama wa mboga alinyanyuka, akasema kitu kwa Kidhopadhola, lugha ya huko kwetu, akaonyesha kwa kisu upande mwingine wa nyumba. Sikijui Kidhopadhola zaidi ya salamu. Nikamjibu kwa salamu. Akanitazama, akakaa tena.

Jambo moja tu lilinishangaza kidogo. Nilipokwenda kutafuta maji nilipita ubavuni mwa nyumba, nikaona makaburi ya babu na wake zake yako kwa nyuma. Baba amenieleza mara nyingi kwamba babu alizikwa mbele, mahali alipopenda kukaa. Nikasema moyoni labda baba amesahau, nikateka maji.

Nikafagia, nikapanga mafiga matatu yaliyokuwa pembeni chini ya vumbi, nikawasha. Moshi ulipotoboa pale juu na kutoka nje, mimi niliketi chini kama mtu aliyemaliza mbio. Nikaweka dagaa na karanga zilizosagwa alizonifungia Waya kwenye sufuria moja, maji ya ugali wa wimbi kwenye nyingine.

Waliporudi kutoka kanisani niliwasikia kabla ya kuwaona, kwa nyimbo. Nyimbo zikakatika ghafla. Nikatoka nje na mwiko mkononi.

Ochwo nilimtambua kwa paji la uso, ni lile la baba. Alikuwa katikati ya watu, amevaa suti, anaitazama saruji yake.

"Dada," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyotegemea, "karibu nyumbani. Lakini hiyo jiko umewasha ni yetu. Ni ya bi mkubwa."

"Hapana, kaka. Waya alinielekeza. Ukizitazama nguzo, mkono wa kushoto."

"Nguzo gani?"

"Hizi!"

Mtu mmoja akaanza kucheka, akajizuia. Ochwo akanyoosha kidole kupita ukumbini, kwa maana milango yote miwili ilikuwa wazi, na ng'ambo kule, upande wa makaburi, nikaona nguzo nyingine nne. Babu alikuwa ameweka nguzo mbele na nyuma. Siku hizo barabara ilipita ule upande wa pili. Hii barabara mpya iliyonileta imekuja baadaye, na mimi, mwalimu wa ramani, niliifikia nyumba kwa mgongo wake nikaamini ni uso.

Kwa hiyo mkono wangu wa kushoto ulikuwa wa kulia. Nilikuwa nimefunga safari ya nchi tatu kuja kuwasha jiko la watu wengine, na la kwetu lilikuwa limefungwa ng'ambo ya pili, baridi kama siku zote, na ukoo mzima umeshuhudia. Nilimfikiria baba.

Ochwo hakuchelewa. Akamgeukia mwenyekiti wa ukoo, mfanyabiashara wa nafaka mwenye miwani minene. "Mwenyekiti, umeona mwenyewe. Wao hata jiko yao hawajui iko wapi. Upande ule umekufa. Tumalize hii maneno leo."

Mwenyekiti alikuwa haitazami jiko. Alikuwa anahesabu mifuko ya saruji kwa macho, taratibu.

"Ochwo," akasema, "hii simenti ilikuwa wapi?"

Ochwo akafunga kifungo cha suti yake.

"Ilikuwa ndani," akajibu yule mama wa mboga, ambaye kumbe Kiswahili alikijua tangu mwanzo. "Mimi naona wanatoa. Mingi sana."

"Ndani ya jiko ya bi mkubwa?"

"Sisi tunapika kwa gesi, mwenyekiti," Ochwo akasema. "Kule kwa chumba. Mambo imebadilika."

"Gesi ni sawa, mimi pia napika kwa gesi. Lakini mzee hakusema gesi. Alisema jiko. Kama jiko baridi inaua upande wa bi mdogo, basi na yako ilikufa zamani, na hapa hakuna mutu ana nyumba. Mimi naweza kuchukua yote nikaweka mahindi." Watu wakaangua kicheko, na safari hii hakuna aliyejizuia. "Ile moto moja tu iko hapa leo," akaendelea, "ni mutoto wa bi mdogo amewasha, na amewashia wewe."

Uso ukamshuka Ochwo. Nilitegemea kufurahi, lakini nilipomwona hivyo maneno ya Mama Akinyi yakanirudia. Ochwo naye akasema lake, na alilisema akinitazama mimi.

"Nyinyi mnapenda hii nyumba sana mkiwa mbali. Mimi ndiye nalala ndani. Mvua ikinyesha nasogeza kitanda. Baba yangu alikufa akiwa na beseni juu ya miguu yake, kwa sababu ya maji ya paa. Hiyo nguzo yenu haijamsaidia."

Hakuna aliyecheka tena. Nami niliona aibu, kwa sababu hilo hatukuwahi kumwuliza.

Hapo ndipo Waya alipofika, kwa upande wa barabara ya zamani, mbele halisi. Jogoo alikuwa mbele yake amefungwa kamba mguuni, anatembea mwenyewe kama ilivyopaswa, wote wawili wamejaa majani ya mihogo. Alisikiliza habari kwa ufupi kutoka kwa mtu wa tatu, akaukodolea macho moshi wangu, halafu mimi.

"Mwalimu," akasema. Neno hilo moja tu, na nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha akaenda kwa mke wa Ochwo, Nabwire, ambaye alikuwa amesimama kando muda wote. "Mama yangu na mama yake huyu marehemu walichukiana," Waya akamwambia, "lakini asubuhi, mwenye amezimikiwa moto alienda kwa mwenzake kuchukua. Hata siku wamepigana. Wewe unajua hiyo?"

"Najua, Waya," Nabwire akajibu. "Mama mkwe aliniambia."

Hakumtazama mumewe. Aliinama ndani ya jiko nililoliwasha, akachomoa kijinga kimoja kinachowaka, akapita nacho ndani ya ukumbi wa babu, kati ya zile nusu mbili, hadi upande wa pili. Sisi sote tukamfuata, ukoo mzima na suti zao. Mlango wa jiko la bibi yangu ulikuwa umekwama, na aliyeupiga bega ukafunguka ni Ochwo. Nabwire akaweka kijinga kwenye mafiga, akapuliza. Sufuria ya ugali nikaihamishia kule.

Moshi wa pili ulipopanda, wanawake wakapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika Tororo. Nilipiga na mimi hadi koo likakauka. Mwenyekiti akasema majiko yote mawili yamewashwa, tena kila moja na mtu wa upande mwingine, na yeye haoni jinsi mtu yeyote anaweza kuvunja nusu ya kitu hicho. Tukala. Dagaa waliisha kwanza.

Sikuondoka kesho yake. Asubuhi ya Jumapili nilimwomba Ochwo ngazi, nikapanda naye darini. Tatizo halikuwa paa. Nyuma ya ile pembetatu ya mbele babu alijenga mfereji wa kupitisha maji, na mfereji huo ulikuwa umejaa majani na udongo hadi miche ilikuwa imeota. Maji hayakuwa na pa kwenda isipokuwa kitandani. Tuliuzibua kwa jembe na mikono, tukiwa weusi hadi viwiko, kisha tukatumia saruji yake kuziba nyufa. Nimemwahidi mchoro wa ukarabati, na wanafunzi wangu wa mwaka wa pili watauchora, wajue tu kwamba mwaka huu hawasinzii.

Jioni mvua ikapiga, ile ya kweli ya huko. Tuliketi ukumbini tukiangalia dari, Ochwo na beseni mapajani kwa mazoea. Hakuna tone. Baadaye alinyanyuka, akaenda kuliweka beseni nje ili likinge maji ya kufulia, akarudi akacheka peke yake muda mrefu.

Kurudi

Njia ya kurudi haina hadithi. Hakuna kilichopasuka, na sikuwa na gunia. Nilikuwa nimempigia baba Jumamosi ile ile, nikamweleza yote, hata kosa langu. Alisema tu, "Sawa," akakata.

Nilipofika nyumbani Mwanza, jirani alinipokea getini na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba mzee tangu mwisho wa wiki hasikii la mtu. Nikaingia mbio. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha mlangoni, amenyoa ndevu, amevaa koti na viatu, na kamba za viatu zimefungwa. Fimbo iko mkononi. Sanduku liko miguuni.

"Baba, unakwenda wapi?"

Alinitazama kama mimi ndiye niliyepungukiwa.

"Kwetu," akasema. "Mbona umechelewa hivi? Geuka twende."